Timotheo Alikuwa na Nyanya

Nenda semina yoyote ya vijana kanisani, Kisii ama Nyamira, na hutakosa kusikia habari za Paulo na Timotheo. Mkubwa amshike mdogo mkono, amfundishe, amtie moyo. Sawa kabisa. Lakini kuna mtu tunamruka kila mara. Paulo mwenyewe anamwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake, Loisi. Kabla ya mtume kulikuwa na mama mzee.

Sasa tuulizane: sisi akina Loisi wetu tumewafanyia nini?

Mei 2008, hapa Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa hadi kufa, ati ni wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wengine 4 wakauawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Na hii si nchi ambayo Injili haijafika. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa zilikuwepo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumekuwa na Injili kwa zaidi ya miaka 100, na tuna Shule ya Sabato, makambi, kwaya na jumuiya ndogo ndogo.

Najua utaniambia hao ni wahuni, si watu wa kanisa. Haya, tuseme ni hivyo. Lakini uvumi hauanzi siku ya petroli. Unaanza miezi kabla, kwa kisima, kwa steji ya boda boda, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Hapo sisi tulikuwa wapi?

Tusidanganyane. Malezi yetu ya imani yanapima vitu rahisi: nani amehudhuria, nani amekariri mistari, nani amevaa vipi. Halafu anakuja mhubiri anamwambia kijana aliyekosa kazi kwamba kuna mtu wa karibu amemfunga. Mhubiri hataji jina. Kijiji kinamtajia: ni yule mjane mwenye macho mekundu, na kwa bahati ana shamba ambalo ndugu za marehemu wanalimezea mate.

"Na kama ni mchawi kweli?" Yesu alipowakuta watu na mawe yao wakimzunguka yule mwanamke, hakuanza kwa kuchunguza kama tuhuma ni ya kweli. Alianza na wenye mawe. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1925, inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka habari kwa chifu, polisi au mamlaka nyingine inayohusika. Ni mlezi gani wa vijana amewahi kufundisha hilo?

Kwa hivyo wewe unayejiita mlezi, punguza semina. Mchukue kijana wako mwende kwa yule nyanya anayenong'onwa. Ampasulie kuni, amchotee maji, anywe chai yake mchana kweupe, majirani wakiona. Sabato ama Jumapili mpitieni, mwende naye kanisani, akae katikati yenu. Uvumi ukianza, kijana awe amezoea kusema "huyo namjua", tena kwa sauti, na awe na namba ya chifu kwa simu.

Halafu ndipo mrudi kwa Paulo na Timotheo. Mtaelewana vizuri zaidi.