Punguzo la Bei ni Ujira wa Ukaguzi

Kuna swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika karakana za mawasiliano, na ambalo halifai kuachiwa watunza ghala peke yao. Je, ni sawa kwa fundi wa jeshi au wa polisi kununua osiloskopu ambayo sanduku lake limekwisha kufunguliwa, kwa sababu tu bei yake imepunguzwa?

Wako wanaosema kwamba kitu kilichofunguliwa ni mbuzi kwenye gunia, na kwamba fedha ya umma isikiguse kabisa. Wako wengine ambao, wakiona tu bei imekatwa, hutoa fedha kabla hawajauliza ni kwa nini imekatwa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimelisahau jambo moja. Punguzo la bei si zawadi ya mwenye duka. Ni ujira anaolipwa mnunuzi ili aifanye yeye kazi ya ukaguzi ambayo muuzaji hakuimaliza. Anayeifanya kazi hiyo amepata faida ya haki. Asiyeifanya amepokea ujira wa kazi ambayo hakuifanya, na ipo siku atadaiwa.

Ndugu askari, osiloskopu ndicho chombo kinachomwezesha fundi kuuona umeme kwa macho, ukichorwa kama wimbi juu ya kioo. Asili yake ni tyubu iliyobuniwa mwaka 1897 na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, yule yule aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 na Guglielmo Marconi kwa kazi yao ya simu isiyo na waya. Tangu mwanzo, basi, chombo hiki na redio ni ndugu wa nyumba moja. Wala mwanajeshi si mgeni katika nyumba hiyo: Howard Vollum, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Tektronix mwaka 1946, alikuwa ametumikia kikosi cha mawasiliano cha Jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Chombo cha kupimia kilichokufa kabisa hakina hatari kubwa, kwa kuwa kila mtu hukiona kimekufa. Hatari ni chombo kinachosema uongo. Fundi aliyedanganywa atang'oa kipuri kizima, ataacha kibovu mahali pake, kisha ataandika katika kadi ya matengenezo kwamba redio imepona. Gharama ya uongo huo hailipwi karakanani. Hulipwa na kijana aliye doria usiku, anayeita kituo na sauti yake isifike.

Ukaguzi wa kwanza hufanywa kabla fedha haijatoka, nao ni kuuliza kama chombo kinaifaa kazi. Tuchukue mfano wa osiloskopu ya Rigol DS1054Z, ambayo imejulikana sana kwa wenye fedha chache. Ina chaneli 4, na upana wa masafa wa megahezi 50. Inachukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde chaneli moja ikiwa kazini, lakini chaneli zote nne zikiwashwa kila moja hubaki na sampuli milioni 250. Kwa kupima umeme wa kuendeshea redio, sauti, na masafa ya kati ya kilohezi 455 au megahezi 10.7, chombo hicho kinatosha. Lakini redio nyingi za VHF za kijeshi hufanya kazi kati ya megahezi 30 na 88, na nyingi za polisi kati ya megahezi 136 na 174. Mawimbi hayo ya kurushia hayatapimwa kwa haki na chombo cha megahezi 50, hata kikitolewa bure. Punguzo halibadili uwezo wa chombo.

Ukaguzi wa pili ni wa maandishi. Sanduku hufunguliwa kwa sababu nyingi: mteja aligeuza nia, chombo kiliwekwa dukani kwa maonyesho, karatasi ilichanika njiani, au kilirudishwa kwa sababu ni kibovu. Muuzaji aseme kwa maandishi ni ipi kati ya hizo, dhamana inaanza kuhesabiwa siku gani, na siku za kurudisha ni ngapi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mtu binafsi anayenunua dukani kwa njia ya mbali ana siku 14 za kurudisha tangu kupokea mali. Kinga hiyo ni ya raia anayejinunulia, si ya taasisi. Kikosi kinachonunua hakina budi kuyaandika masharti yake ndani ya mkataba. Aidha, aliyemtuma ndugu yake wa Ulaya akinunue na kukipokea kwa niaba yake, ajue kwamba siku zinahesabiwa tangu ndugu huyo alipokipokea. Kikikaa majini mwezi mzima, muda umekwisha kabla sanduku halijafika kwetu. Kwa hiyo kikaguliwe huko huko kabla ya kusafirishwa.

Ukaguzi wa tatu ni wa mikono. Linganisha namba iliyo mgongoni mwa chombo na ile iliyo kwenye sanduku na kwenye risiti. Hesabu nyaya za kupimia. Bonyeza kila kitufe na zungusha kila swichi, kwa maana vitu hivyo ndivyo vilivyoshikwa na mteja wa kwanza. Kiache chombo kikiwaka nusu saa kipate joto lake la kazi, ondoa nyaya zote, kisha kiamuru kijisawazishe chenyewe. Mstari wa kila chaneli ulale juu ya sifuri, hata ukibadilisha vipimo vya volti kutoka kidogo hadi kikubwa.

Halafu unganisha waya wa kupimia, uliowekwa kwenye mara 10, kwenye ncha ya majaribio iliyo usoni mwa chombo. Katika DS1054Z ncha hiyo hutoa wimbi la mraba la kilohezi 1, lenye takriban volti 3. Hakikisha kwamba chaneli nayo imeelezwa kuwa waya ni wa mara 10, la sivyo utasoma kosa lako na kulilaumu chombo. Pembe za wimbi zikiwa za mviringo au zikichomoza, zungusha skrubu ndogo ya waya mpaka zinyooke. Zisiponyooka, hamisha waya kwenye chaneli nyingine. Kasoro ikifuatana na waya, waya ndio mbovu; ikibaki kwenye chaneli, rudisha chombo.

Kadhalika, pima kwa mita ukinzani wa kila tundu la kuingizia, chombo kikiwa kimewashwa. Kawaida yake ni karibu omu milioni 1. Tundu lenye tofauti kubwa huenda liliwahi kuunguzwa na volti nyingi. Kisha pima betri moja kwa mita na kwa osiloskopu, ulinganishe. Tofauti ya asilimia 3 hivi inavumilika. Inayozidi sana ina sababu.

Wengi huishia hapo na kushangilia. Lakini wimbi la kilohezi 1 haliwezi kuthibitisha megahezi 50. Karakana ya redio ina jenereta ya mawimbi, itumike. Ingiza wimbi la megahezi 1 kupitia kizuizi cha omu 50, kumbuka kimo chake, kisha pandisha mpaka megahezi 50. Kimo kisishuke chini ya asilimia 70 ya kile cha mwanzo. Wakati wote huo usikate waya wa ethi, wala usibane kibano cha ethi cha chombo kwenye umeme wa ukutani. Kufanya hivyo ni kuunguza mali na kuhatarisha maisha.

Yupo atakayesema kwamba kazi yote hii inapoteza muda wa askari. Ukaguzi huu humalizika kwa asubuhi moja, ilhali redio iliyotengenezwa vibaya huweza kupoteza zaidi ya asubuhi. Wala ukaguzi si dharau kwa muuzaji. Askari hukagua bunduki anayokabidhiwa hata na rafiki yake, na rafiki hakasiriki.

Tunashauri, kwa hiyo, kwamba hakuna osiloskopu ya bei ya punguzo iingie kwenye leja kabla fundi hajatia sahihi chini ya matokeo ya kila chaneli, yakiwa na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kikosi kisicho na fundi wa kutia sahihi hiyo, wala jenereta ya kujaribia, kinunue chombo kipya kwa bei kamili. Bei hiyo haitakuwa ubadhirifu. Itakuwa malipo ya haki kwa kazi ambayo kikosi chenyewe hakiwezi kuifanya.