Ukilikinai gitaa, usiliuze



Mfunguo Mosi ukiingia, kadi za harusi zinapishana mlangoni, na kwa shoga zetu wanaopiga gitaa simu nazo hazilali. Binti wa mama mdogo anataka nyimbo mbili siku ya singo. Jirani anataka za kumtolea bi harusi kwenye shughuli ya wanawake. Bure, maana wewe ni mtu wa nyumbani! Ikifika harusi ya nne, gitaa linaegemezwa nyuma ya mlango na kuliangalia tu kunachosha. Hapo ndipo tunaposikia: “Nimelikinai, naliuza.”

Sisi tunasema, usiliuze. Aliyekula pilau la shughuli siku nne mfululizo hulikinai, lakini hajauchukia wali.

Kuna ushauri unazunguka kwamba dawa ya kukinai ni bidii: jilazimishe, piga saa mbili nzima kila siku. Hatukubaliani nao. Huo ni ushauri wa kijana asiye na jungu mekoni. Mwanamke aliyerudi kazini, akapika, akalaza watoto, gitaa analipa makombo ya siku, saa nne ya usiku, macho yanafumba. Kinachofanywa na mikono mchana hutulia akilini mtu akiwa amelala, kwa hivyo anayejinyima usingizi ili afanye mazoezi anachota maji kwa pakacha. Dakika kumi baada ya Alfajiri, au Alasiri wakati chai inachemka, zina faida zaidi.

Bi Aisha (r.a.) amepokea, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata zikiwa chache. Hadithi hiyo ni ya ibada, na hatulipandishi gitaa daraja. Lakini nafsi inayochoka ni hii hii moja. (Hukumu ya ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani, na kila mmoja amuulize sheikh anayemuamini. Leo tunazungumza na waliokwisha chagua.)

Kabla hujaulaumu moyo wako, likague gitaa lenyewe. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari. Nyuzi za chuma hapa hushika kutu upesi, zikakwaruza vidole na sauti ikafifia, na wewe ukadhani umepungua kipaji. Pitisha kidole chini ya uzi. Kikitoka na weusi, badilisha. Ukimaliza kupiga, zifute kwa kitambaa kikavu. Unyevunyevu wa masika nao hulivimbisha bao, nyuzi zikapanda juu mbali na shingo, na ule mshiko wa F uliokuwa umeuweza ukawa kama kukamua nguo nzito. Fundi anaweza kuzishusha. Kwa vidole vinavyouma, gitaa la nyuzi za nailoni ni jepesi zaidi: zile tatu nyembamba ni nailoni tupu, hazijui kutu. Ila maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoondoka si ya kuvumilia. Acha kupiga, umwone daktari.

Na mapumziko yapangwe, yasingoje mpaka ulie. Visiwani petu jambo hili tunalijua: Ramadhani ikiingia, vikundi vya taarab hunyamaza, na Idi ikifika watu wanarudi na hamu. Wewe nawe jiwekee wiki ambazo gitaa limefungwa mfukoni mwake bila majuto. Utakaporudi sugu za vidoleni zitakuwa zimelainika. Usitishike, zitarudi kwa siku chache za kupiga kidogo kidogo. Anza na wimbo unaoupenda wewe, si ule ulioagizwa.

Tena kuna upweke. Wengi hawachoshwi na gitaa, wanachoshwa na kupiga peke yao chumbani, sauti chini, wasisikike. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, lakini hata baada yake mwanamke wa taarab alizoeleka kuimba, ala wakashika wanaume. Ndiyo maana tunalipenda kundi la Tausi la Bi Maryam Hamdani, la wanawake watupu, ala wanazipiga wenyewe. Hata bila kundi, shoga mmoja wa Ijumaa jioni anatosha, akiwa na dufu tu.

Sasa wewe bi harusi mtarajiwa. Miezi hii una somo, una fundi cherehani, una wifi wanaotaka rangi ya sare. Kama gitaa limekushinda, liache mpaka fungate ipite. Hina haizuii kupiga, ila kucha ndefu za mkono wa kushoto zinazuia, na hakuna haja ya kuzigombania wakati huu. Tunachokuomba ni kingine: mwambie mume mtarajiwa kabla ya nikaha kwamba unapiga, lini na wapi, na umsikilize anavyojibu. Mengi ya “nimelikinai” tunayoyasikia miaka miwili baada ya ndoa, ukichimba, ni mazungumzo ambayo hayakufanyika.

Na siku ya kufunga vyombo, gitaa liandikwe katika orodha pamoja na kabati na masufuria. Tia na pakiti mbili za nyuzi za akiba.