Neno la Mhariri: Aliyeuawa Ana Jina Gani?

Kati ya nyimbo zilizotungwa na watu waliozaliwa Unguja, hakuna uliofika mbali kama "Bohemian Rhapsody", wala hakuna uliosingiziwa mengi kama huo. Mtunzi wake, Farrokh Bulsara, alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Wimbo ulitoka Uingereza Oktoba 1975, ukashika nafasi ya kwanza kwa wiki tisa, na mwenyewe alipofariki Novemba 1991 ukarudi kileleni mara ya pili.

Tangu hapo watu hawajaacha kuuchimba. Wako wanaosema mtunzi aliiuza roho yake kwa shetani, na ushahidi wao ni kwamba Beelzebuli anatajwa mle waziwazi. Wako wanaosema ni siri ya maisha yake ya ndani, ameivisha kisa cha mauaji ili isitambulike. Wengine wameyaandama majivu yake: baada ya mwili kuchomwa yalikabidhiwa kwa rafiki yake Mary Austin, naye hajasema alikoyaweka, basi uvumi umeyapeleka kila pembe, hata huku kwetu. Freddie mwenyewe aliulizwa maana ya wimbo mara nyingi, akawaachia wasikilizaji waamue.

Toleo hili tumelitenga kwa nyimbo zinazoogopwa, na nimeutanguliza huu kwa makusudi. Naandika haya nikiwa Makunduchi, na nashikilia kwamba watu wa huku wana masikio ya kuusikia wimbo huo vizuri kuliko wengi waliouandikia vitabu.

Kisa chenyewe hakina utata. Kijana anamwendea mama yake kumwambia kwamba ameua mtu. Anamuaga. Halafu linaingia kundi la sauti, moja inaomba aachiwe, nyingine zinakataa, Bismillah inatamkwa, jina la shetani linatamkwa, wanavutana wee mpaka magitaa yanalipuka kwa hasira, na mwisho anabaki mtu aliyechoka. Umati ule wote ni watu watatu tu wa bendi yake ya Queen: Freddie, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao moja juu ya nyingine, siku baada ya siku, hadi mkanda ukachakaa kwa kupitishwa mashineni na ukiuinua unaona mwanga upande wa pili.

Mtu wa Ulaya akilisikia lile vurugu la katikati hukumbuka opera, na ndivyo lilivyokusudiwa. Mimi nakumbuka kilinge. Mwele ameketishwa, chetezo kinafuka ubani na udi, fundi anafungua kwa Bismillah na Fatiha, kisha anamgeukia aliyempanda mgonjwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo anajibu kwa kinywa cha yule yule mgonjwa. Anakataa kutoka. Anadai chake; akiwa wa kibuki ataomba brandi. Ndugu wa mwele wanaingilia, wanabembeleza, wanakaripia, ngoma zinapanda. Najua masheikh wengi hawaikubali shughuli hii na hoja zao si za kupuuzwa. Lakini hata anayeipinga, akiwa amezaliwa hapa, anafahamu kwamba kumtaja pepo si kumwabudu. Unamtaja ili aachie. Sidai kwamba Freddie aliyachukua hayo kwetu, kwani alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa bado mdogo, na familia yake iliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Ninachosema ni kwamba Bismillah na jina la shetani kukaa katika pumzi moja kumewatisha watu ambao hawajawahi kuona mtu akigombewa.

Wairani waliliona hilo la mtu kugombewa. Mwaka 2004 serikali yao iliporuhusu kanda ya nyimbo za Queen iuzwe, bendi ya kwanza ya roki kupata ruhusa hiyo, kanda ilikuja na kijikaratasi cha maelezo: kijana ameua kwa bahati mbaya, ameiuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa Bismillah na kuipata tena roho yake. Mtu anaweza kubisha tafsiri hiyo. Mimi naiheshimu, maana imemtazama binadamu aliyemo mle ndani kabla ya kumtazama Ibilisi.

Wala si ajabu maelezo hayo kutoka Uajemi. Kila Julai hapa Makunduchi, katika viwanja vya Kae Kuu, tunauoga Mwaka. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa vigomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima viishe, kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo anachoropoka mbio, wanawake waliovaa wakapendeza wanapita wakiimba. Wazee wanasema desturi hii ililetwa na Washirazi kutoka Uajemi. Hesabu yake ni ya siku 365 kamili, haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja. Na hesabu ya jadi ya Waparsi wa India, wazee wa Freddie, inarudi nyuma kwa namna hiyo hiyo. Wao hutunza moto mahekaluni, sisi tunauwasha kiwanjani, na dua tunasoma za Kiislamu. Kwa watu walioishi hivyo karne nyingi, wimbo wenye imani mbili ndani yake haupaswi kuwa kioja.

Lakini kitu kikubwa ambacho sikio la Makunduchi linaweza kukifanya ni kuuliza habari za maiti. Huku mzimu si kinyago cha kutishia watoto. Una mahali pake, pangoni au chini ya mti, na unaenziwa kwa sababu unatufunga na waliotutangulia. Aliyekufa hafutwi. Sasa urudie wimbo wa Freddie usikilize: kuna mtu amepigwa risasi ya kichwa, na baada ya hapo hatajwi tena. Hana jina, hana mama wa kumlilia. Miaka hamsini watu wanabishana kuhusu roho ya muuaji, na hakuna aliyeuliza habari za roho iliyotoka.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima. Wimbo wake "Kijiti" ni wa mauaji pia, na hayo yalitokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alichukuliwa usiku kwenda kwenye ngoma na ulevi, akauawa. Muuaji, huyo Kijiti, akavuka bahari akatokomea bara. Waliobaki mikononi mwa mahakama ya kikoloni ni wanawake waliofika kutoa ushahidi, nao wakatiwa hatiani kwa habari ya pombe. Siti hakumpa Kijiti nafasi ya kujieleza wala hakumsingizia shetani. Alimweka mbele marehemu na mtoto aliyekuwa tumboni, akaitaja mahakama mbele ya umma uliojua kilichotokea. Nampenda Freddie kwa ile sauti ya mtu anayeililia nafsi yake, kwani ni wachache waliowahi kuimba majuto namna ile. Kwa uadilifu, namweka Siti juu yake.

Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwa Freddie, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga kwa nguvu. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na watalii wanapanga foleni kupiga picha mlangoni. Upande mmoja unamkataa kwa maisha yake, upande mwingine unamuuza kwa sura yake, na katika kelele zote hizo sijasikia mtu wa kisiwa hiki akiujadili wimbo. Hasara hiyo ni yetu, maana kazi hiyo tumewaachia watu wasiojua chetezo wala fumbo la taarabu.

Waandishi wa toleo hili niliwaomba kitu kimoja: kabla ya kuuliza ni jini gani aliyemo ndani ya wimbo, waulize ni nani aliyeumia humo. Na wewe msomaji, kama una bibi au babu anayekumbuka beti za "Kijiti" zisizo kwenye santuri, au anayejua yule mgeni wa Dar es Salaam alizikwa wapi, tuandikie. Nafasi ya toleo lijalo tumekwisha kuiweka.