ETI LENZI YA BABU NI TAKATAKA? MBONA UNAITAMBIA FORODHANI!

Kuna staa mmoja wa picha hapa mjini, wadau wa Unguja wanamjua hata bila ya kutajwa. Arusi kubwa kubwa ni zake, mahoteli ya Nungwi na Paje yanamwita yeye. Wiki kadhaa nyuma alitupia video yuko Forodhani, jua linazama, mkononi ana lenzi nyeusi ya zamani anaigeuzageuza. Eti ameiagiza Ulaya kwa pesa ndefu, na hamna mwengine Zanzibar nzima mwenye nayo. Mioyo ikamiminika. Bei yake ya arusi ikapanda siku hiyo hiyo.

Ulaya gani? Kikwajuni hapo.

Lenzi ile imetoka kwa mzee mmoja mstaafu anayekaa ghorofani, kwenye yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Staa alipanda ngazi, akatoa shikamoo kwa adabu zote, akanywa chai ya watu na mkate wa mofa, halafu akaitazama lenzi kama mtu anayetazama samaki wa juzi. "Babu, hii haitumiki tena. Filamu zenyewe zimekwisha duniani. Mie n'taiweka kabatini iwe pambo tu." Akaacha noti nne za elfu kumi. Ukiwa na mgeni wako Forodhani mkala pweza na kamba, hela hiyo inakata kabla hamjafika kwenye juisi ya miwa.

Kilichomuumbua ni rangi ya kucha. Bibi wa nyumba ile, Mungu amrehemu, aliwahi kutia doa jekundu kwenye pete ya lenzi, pale pale ambapo mumewe alitakiwa kusimamisha fokasi akiwapiga bwana na bibi arusi kwenye kiti. Mjukuu akaiangalia video, akaliona doa. Akaandika kwa heshima tu: "Kaka, hilo doa jekundu la nini?" Akapigwa bloku.

Sasa wapo wanaomtetea. Biashara ni biashara, mzee si alikubali mwenyewe, nani alimshikia panga? Hebu tulieni. Kupatana bei hakuna anayekataza, na Darajani bila kupatana utarudi nyumbani na mfuko mtupu. Lakini kumdanganya mtu kuhusu mali yake mwenyewe si kupatana. Muuzaji akikuuzia kanga akakwambia pamba tupu kumbe nailoni, si utarudi na kelele mpaka mtaa mzima wajue? Hapa wizi ni ule ule, umegeuzwa tu. Anayejua ni mnunuzi, asiyejua ni muuzaji, na anayejua ndiye anayesema uongo.

Na uongo wenyewe ni wa kitoto. Filamu ndiyo iliyopungua, na hata hiyo haijafa, Kodak na Ilford bado wanaitengeneza. Lenzi ni kioo na chuma. Kioo hakijui kama nyuma yake kuna filamu au sensa ya dijitali, kazi yake ni kukusanya mwanga basi. Kamera za zamani zilikuwa na kioo cha kurudisha taswira kwa ndani, kwa hiyo lenzi ilikaa mbali kidogo na filamu. Zile lenzi za kuzungusha kama mfuniko wa chupa, wanazoziita M42, zinataka umbali wa karibu milimita 45. Kamera za Sony za siku hizi, kioo kile hamna, zinataka milimita 18 tu. Nafasi inayobaki unaijaza kwa pete ya adapta, kitu kidogo cha bei rahisi, na lenzi ya babu inapiga picha leo leo. Ndiyo maana hata lenzi za Canon za kizazi cha FD, ambazo ziliachwa yatima Canon walipobadili mfumo mwaka 1987, zimerudi kazini. Staa anayajua yote haya. Adapta ilikuwa begini mwake siku ile ile anakunywa chai ya mzee.

Pete ya mbele ya lenzi ile imeandikwa Carl Zeiss Jena, Biotar 58. Jena iko iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1964 Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua nchi ile, wataalamu wao wakaja wengi. Mzee aliuziwa na mmoja wao aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Warusi nao waliichukua ramani ya Biotar wakaitoa kwa jina la Helios 44, na hiyo Helios ni miongoni mwa lenzi kuukuu za Kisovieti zilizotumika kwenye Dune: Part Two ya mwaka 2024. Filamu ya mamilioni ya dola! Wanaitakia yale mambo yake ya nyuma, majani yanazunguka kama yamepigwa na kusi huku uso wa mtu umetulia katikati. Hakuna programu ya simu inayoyatoa vile.

Bei? Biotar 58 ikiwa safi inapita dola 100 mitandaoni. Kaka yake mkubwa, Biotar 75, anavuka 1,000. Hilo ndilo "pambo".

Haya, na haki isemwe. Si kila lenzi ya kabatini ni dhahabu. Nyingi ni zile za 50 za kawaida zilizotengenezwa kwa malaki, na hapa kwetu adui mkubwa ni fangasi. Nyumba za mawe na chokaa, unyevu wa bahari, masika juu yake: lenzi inaota nyuzi kama za buibui mle ndani, na zikikaa sana zinaila ile rangi ya kioo. Washa tochi ya simu, tazama kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi, bei inashuka na hilo halina ugomvi. Na wapo madogo mitandaoni wanaouza lenzi zenye fangasi kwa jina la "vinteji", wanazipiga picha gizani ili usione kitu. Nao wale wale tu.

Lakini mzee hakupewa hata hiyo tochi. Staa angesema, "Babu, hii mali, nikodishie kila arusi nikupe chako," asingepungukiwa kitu. Au angempa mjukuu simu atafute mwenyewe zilizouzwa kwa kiasi gani, zilizouzwa, siyo zinazoombwa, maana kuomba kila mtu anaomba.

Kinachokera zaidi ni kwamba huyu huyu ndiye anayejiita mlinzi wa historia. Mji huu umepigwa picha tangu karne ya 19, kina A. C. Gomes na J. B. Coutinho. Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendeleza, na kuta za pale barabara ya Kenyatta zimejaa Zanzibar ya nyeusi na nyeupe. Staa amepiga selfi pale mara ngapi, na maneno marefu ya "wazee wetu" chini yake!

Kwa mzee wake wa Kikwajuni aliomba na mkoba wa ngozi juu (sawa, auweke humo humo, ngozi ndiyo nyumba ya fangasi, masika ataona). Vilivyokuwemo mkobani akavimwaga mezani: vipande vya filamu zilizokwishapigwa, vimefungwa kwenye karatasi. "Hivi babu utavitupa."

Havikutupwa. Viko kwenye boksi la viatu. Usiku mjukuu anawasha simu yake iwe nyeupe kioo kizima, anaweka kipande juu yake. Watu wamekaa kwenye kiti cha arusi, meno meusi, mabuibui meupe, na mzee anavaa miwani anawataja mmoja mmoja, huyu wa Malindi, huyu alihamia Muskati, yule sikukuu ya Mnazi Mmoja alipotea akaonekana siku ya pili. Bado hawajafika nusu ya boksi.