Kuacha Sigara na Hofu ya Unene



Twamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuumba kwa umbo lililo bora, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, juma hili twajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Kakamega. Aeleza kwamba mumewe alivuta sigara kwa miaka mingi, kisha akaiacha katika mwezi wa Ramadhani, na nyumba nzima ikamshukuru Mola. Miezi minne baadaye suruali zake hazifungi, kanzu ya Idi yambana tumboni, na wenzake kazini wamempa jina la utani. Sasa asema kwamba ni heri airudie sigara kuliko kuvimba namna hii. Dada yetu auliza mambo mawili: je, ni kweli kwamba kuacha sigara hunenepesha? Na yeye afanye nini, ilhali chakula cha nyumba hiyo chatoka mkononi mwake?

Swali la kwanza twalijibu bila ya kificho: ndiyo, aghlabu ya wanaoacha sigara huongezeka uzito. Watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyachapisha mwaka 2012 walikuta kwamba mtu anayeacha bila ya dawa huongezeka, kwa wastani, baina ya kilo 4 na 5 katika miezi 12 ya mwanzo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika miezi mitatu ya awali. Lakini watu hawalingani. Wako walioongezeka zaidi ya kilo 10, na wako wapatao 16 katika kila 100 ambao uzito wao ulipungua.

Sababu zake zajulikana. Nikotini iliyomo katika tumbaku huuharakisha mwili utumie nguvu nyingi kuliko kawaida yake, na huiziba njaa. Inapoondoka, mwili hurejea katika mwendo wake wa asili na njaa iliyofungiwa hufunguliwa. Pua na ulimi navyo hupona, na chakula kikarudia harufu na ladha yake. Tena mvutaji alizoea kuifunga meza kwa sigara. Asipokuwa nayo, mkono wake hurudi sahanini. Na kinywa kilichozoea kushughulishwa mara kumi au ishirini kwa siku hutafuta cha kutafuna. Kwa hiyo, mume huyu si mlafi wala hana udhaifu wa imani. Mwili wake wajirekebisha baada ya kudhulumiwa kwa muda mrefu.

Sasa na tupime. Tulipokuwa madrasa tulifundishwa kanuni ya mafakihi kwamba madhara mawili yakikutana, na hapana budi kulipata moja, huchukuliwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Lililo zito hapa ni lipi? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta, waliouvuta moshi wa wengine majumbani na kazini. Watoto walalao katika nyumba ya mvutaji hupatwa zaidi na pumu, vichomi na maradhi ya masikio. Ama kwa yule aliyeacha, sumu ya moshi iitwayo kaboni monoksidi hushuka katika damu yake hadi kiwango cha kawaida katika muda wa saa 12 tu. Na ukitimia mwaka mmoja, hatari yake ya kupatwa na maradhi ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Ziwekeni kilo hizo tano katika kitanga kimoja cha mizani, na moyo, mapafu na watoto katika kitanga cha pili. Matabibu waliowafuatilia walioacha sigara wamekuta kwamba hata wale walioongezeka uzito walibaki na faida kubwa ya moyo kuliko walioendelea kuvuta. Kanzu yaweza kupanuliwa kwa fundi cherehani. Pafu halina fundi wa namna hiyo. Basi jibu letu kwa mume ni kwamba asiirudie sigara kwa sababu ya tumbo. Hata hivyo hatusemi kwamba unene ni jambo la kupuuzwa, kwani twayaona maradhi ya kisukari na presha yakizidi kila mtaa. Twasema tu kwamba unene una tiba isiyopita njia ya sigara.

Tiba hiyo huanzia jikoni, nalo ndilo swali la pili la dada yetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika sura ya Al-A'raf tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza tuligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ajabu ni kwamba mvutaji alilijaza moshi fungu lake la pumzi. Sasa moshi umetoka. Tusilijaze fungu hilo mafuta na sukari.

Tuianze na chai. Huko Kakamega, penye mashamba ya miwa hadi Mumias, chai isiyokuwa tamu huhesabiwa kuwa ni ubahili wa mwenye nyumba. Lakini mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amemaliza vijiko 12, nacho ndicho kipimo cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho Shirika la Afya Duniani lamshauri mtu mzima asikipite kwa siku nzima. Hapo hajagusa soda, hamri wala andazi. Punguzeni kijiko kimoja kila juma, na ulimi utazoea. Tena iko siri ambayo wengi hawaijui: moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kahawa na chai haraka. Anayeacha sigara na kuendelea na vikombe vile vile, nguvu ya vinywaji hivyo hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Akawa hana usingizi, moyo wamwenda mbio, akadhani ni sigara inayomwita. Basi na apunguze idadi ya vikombe, khasa baada ya Alasiri.

Kisha sahani. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ndiyo iliyoufikisha Uislamu Mumias katika karne ya 19, na mapishi yetu yakasafiri pamoja nao. Kwa hivyo dada yetu ana hazina mbili za kuchagua. Kutoka kwetu na apunguze vya kukaangwa na vya shira: viazi karai, sambusa, kaimati na hamri viwe vya siku maalumu, si vya kila jioni. Na kutoka kwa wenyeji wake na achukue kilicho bora: mrenda, kunde, saga na mnavu, mboga ambazo soko la Kakamega limejaaliwa nazo. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au wali, na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki au kuku. Kuku ni heshima ya Mluhya kwa mgeni, na hatutaki kuivunja heshima hiyo. Ila na achemshwe au achomwe, na ngozi iondolewe, badala ya kuogeleshwa katika mafuta. Muwa, kwa yule apendaye kuutafuna, ni sukari vile vile, japo haukupita kiwandani.

Hatumshauri mume aanze kufunga kula kwa ukali wakati huu huu anaopigana na sigara. Njaa kali huichochea hamu ya tumbaku, na vita viwili kwa pamoja huweza kumshinda askari mmoja. Kwanza sigara iondoke moja kwa moja; chakula kirekebishwe kidogo kidogo.

Hamu ya sigara inapokuja, aghlabu hudumu dakika chache tu kisha ikapita. Wakati huo na anywe maji, au ainuke akatawadhe, au achukue mswaki wa mti. Tumepewa sunna ambayo hukishughulisha kinywa na mkono kwa pamoja, haina sukari wala mafuta, na hulisafisha jino ambalo moshi ulilitia rangi. Na ajiepushe na duka linalouza sigara moja moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku imeukataza uuzaji huo, lakini wengi hawaizingatii, na sigara hiyo moja ndiyo mlango ambao wengi waliupitia kurudi walikotoka.

Na atembee. Mvua za Kakamega hupenda kunyesha mchana na jioni, basi wakati mzuri ni baada ya swala ya Alfajiri. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, yatosha kuanzia. Safari fupi ya sokoni au ya msikitini isipandiwe bodaboda. Ikiwa mke atafuatana naye, wote wawili watafaidika, na mazungumzo yao yatakuwa mapana kuliko yale ya sebuleni.

Twaonya pia juu ya njia za mkato. Wako wanaouzuia unene kwa kuhamia kwenye miraa na muguka, kwa kuwa navyo huziba njaa. Hao wamehama nyumba moja inayoungua wakaingia nyingine. Wako wanaohamia kwenye ugoro, kuberi au sigara za umeme, na nikotini ni ile ile. Hapa twawakumbusha akina mama watafunao tambuu yenye tumbaku kwamba nao wamo katika mazungumzo haya. Wakiiacha huenda njaa ikawajia vile vile, na nasaha zilizopita zawafaa. Anayeshindwa kabisa na amwendee tabibu. Ziko dawa, ikiwemo chingamu ya nikotini inayotolewa kwa kipimo na kupunguzwa hadi kuachwa, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Dawa hiyo pia huuchelewesha uzito kwa muda. Mwenye kisukari au presha asikose kumwarifu daktari wake anapoacha sigara, ili vipimo vyake vifuatiliwe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba walipewa mwaka 2023 mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na uzito. Wakibisha hodi, wafungulieni.

Limebaki jambo moja, nalo halipikwi jikoni. Ulimi. Wenzake mume huyu waliomwita jina la utani hawakudhamiria ubaya, lakini maneno yao ndiyo yaliyomsogeza karibu na sigara kuliko njaa yake. Kuitana majina ya kejeli tumekatazwa katika sura ya Al-Hujurat. Tukimwona ndugu aliyeacha sigara akaongezeka mwili, tusianze na tumbo lake. Tumwambie kwamba harufu ya nguo zake imekuwa njema, kwamba apanda ngazi bila ya kuhema, kwamba wanawe wamkaribia. Na nyinyi wake, msimhesabie mume vipande vya nyama mbele ya watoto wala wageni. Mwenye kusaidia hupunguza mafuta chunguni kimya kimya, bila ya kutangaza mezani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awathibitishe wote walioiacha tumbaku, awafungulie njia wale wanaotaka kuiacha, na azijaalie nyumba zetu siha, subira na maneno mema. Amin.

Wabillahi tawfiq.