Tumehamia Ndani ya Sufuria

Mgeni rasmi aliyekuja majuzi kijijini kwetu Mkwaja, pwani ya Tanga, aliandaliwa kiti katika jengo jipya lenye bati jekundu. Alivumilia dakika kumi. Akaomba maji, akaomba mengine, akaanza kujipepea kwa risala aliyotakiwa kusomewa. Mara msaidizi wake akamnong'oneza mwenyekiti, viti vikabebwa vichwani, na mkutano ukahamia kwenye banda la makuti ambamo wavuvi hunadi samaki. Upepo wa bahari ukamfikia, koti likavuliwa, uso ukakunjuka. Akasimama palepale, kichwa kikikaribia kugusa makuti, akatangaza kwamba ni aibu katika zama hizi Mtanzania kulala chini ya makuti, na kwamba siku akirudi anataka kuikuta Mkwaja nzima imeezekwa bati. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ina mazoea yake.

Hasira ilinijia njiani nikirudi nyumbani, na mpaka leo haijaondoka.

Yule bwana hakubuni kitu. Alisema tu kile ambacho nchi nzima inakiamini kama inavyoamini kwamba jua hutoka mashariki: bati ni maendeleo, makuti ni dhiki. Karani wa sensa anakuuliza paa lako ni la nini, na ukijibu makuti unamwona anavyokuonea huruma. Simulizi za mafanikio za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hazikosi picha ya mama aliyesimama mbele ya nyumba ya bati, anatabasamu huku amekunja macho kwa mwanga unaomrudia kutoka paani. Wakati wa uchaguzi mabando ya bati yanagawiwa kama tende za Ramadhani. Hata posa siku hizi zinapita paani. "Kijana ana nyumba?" "Anayo." "Ya bati?" "Ya bati." Basi, shughuli imekwisha, leteni mahari.

Hakuna anayeuliza swali la tatu: humo ndani panakalika?

Shangazi yangu anaweza kujibu. Mwanawe, aliyeko Dar es Salaam, alimjengea nyumba ya matofali ya saruji, vyumba vitatu, akaezeka bati la msauzi lenye rangi ya damu ya mzee. Nyumba nzuri, sikatai. Ukipita barabarani utageuka kuitazama. Lakini fedha ziliishia kwenye kenchi na bati, na dari ikaachwa "tutamalizia baadaye", na wote tunajua huko baadaye ni mbali kiasi gani. Mwezi wa kwanza kaskazi ilipovuma, shangazi alitoa kitanda sebuleni akakiweka barazani. Mwezi wa pili akakihamishia jikoni. Jiko lake ni lile la zamani la nyuma ya nyumba, fito na udongo, makuti juu. Yaani mwenye nyumba analala jikoni, na nyumba mpya inatunza makochi. Mvua ikinyesha hali ni nyingine, bati linapiga kelele husikii sauti ya jirani yako: siku ya hitima ya marehemu mjomba shekhe alisoma dua nzima tukaitikia amina kwa kumtazama midomo.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii mwanawe. "Nitamwambia nini, mwanangu? Kwamba zawadi yake inaniunguza?"

Fundi yeyote wa Pangani atakueleza kinachotokea bila kwenda chuo. Bati ni jembamba. Jua la saa sita likilipiga, linashika moto kama kikaango, na lile joto halina pa kukaa ndani ya bati lenyewe, basi linamiminika chini, kwenye vichwa vyenu. Makuti ni tabaka juu ya tabaka, na kati ya jani na jani imekaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndilo blanketi hilo. Tena blanketi linalopumua, kwa kuwa hewa moto ya chumbani inapanda na kutokea juu. Wazee waliojenga nyumba za mawe za Pangani na Tanga mjini nao walikuwa na hesabu zao: kuta nene za matumbawe, chokaa nyeupe nje, boriti za mikoko, dari nzito, dirisha likielekezwa upepo unakotoka. Ingia katika moja ya nyumba zile saa saba mchana, hata iliyochakaa, halafu uingie kwa shangazi. Ukitoka uniambie nani ameendelea.

Na watalii? Hoteli za Ushongo, mwendo mfupi tu kaskazini yetu, zimeezekwa makuti. Mtu anapanda ndege kutoka kwao, anapita nyumba zote za bati bila kugeuza shingo, anakwenda kulipa kwa dola ili alale chini ya makuti. Kijana wa Mkwaja anayemtandikia kitanda analipwa mshahara, anaudunduliza, ananunua bati, anakwenda kulala motoni. Nikiwaza mzunguko huo nakosa pa kuuweka.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliyaita mapenzi yetu ya saruji na bati kupooza kwa akili. Alitusuta kwamba tofali la kuchoma na kigae, vitu vya udongo wetu, tunavikataa, tunakaa kusubiri bati na udongo wa Ulaya, yaani saruji. Karibu nusu karne imepita. Picha ya Mwalimu imetundikwa katika kila ofisi, nyingi zikiwa chini ya bati lisilo na dari, naye anatutazama tunavyotoka jasho.

Sasa nifike kwenye fedha, maana hapo ndipo wakubwa wanaposikia. Serikali hii hii haisemi kamwe kwamba nishati ya nyumbani ni shauri la mtu binafsi. Inatoa ruzuku, tena nzuri. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umekuwa ukiuzwa vijijini kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, fedha ambayo haitoshi hata nguzo, iliyobaki inabebwa na taifa. Upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Nashukuru, macho ya shangazi yameumia vya kutosha kwa moshi. Lakini hebu angalia: tumeingia jikoni kwa mama tukamtazama moto wake, hatukuinua macho hatua tatu kutazama paa lake. Nishati inayoingia nyumbani ina mkakati, ina ruzuku, ina uzinduzi na fulana. Joto linaloingia bure kupitia paa halina hata barua.

Na joto hilo lina bili. Umeme ulipoingia, kitu cha kwanza shangazi alichonunuliwa baada ya taa ni feni. Feni ya kawaida inakula wati 60 hivi. Iwashe saa 10 kwa siku, na katika kaskazi saa 10 ni chache, kwa mwezi imekula uniti 18. Kiwango cha unafuu cha mteja mdogo ni uniti 75 kwa mwezi. Maana yake karibu robo ya unafuu ambao serikali inampa mnyonge inakwenda kuzungusha hewa ya moto ndani ya sufuria. Ukiweka feni mbili, nusu imekwenda. Akinunua na friji ya kuuzia juisi na barafu, anavuka mstari, bei ya uniti inaruka, na watu wa mjini wanakuja kumpa semina ya kubana matumizi. Azime taa, wanasema. Taa! Siling bodi ya vyumba vitatu ingeokoa zaidi ya taa zake zote, na isingehitaji luku maisha.

Kuna mtu aliniambia, na alikuwa amevaa tai, kwamba hakuna serikali duniani inayomlipia mtu dari. Ndugu yangu, Marekani ina mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1976: nyumba za watu wa kipato kidogo zinazibwa nyufa, dari na kuta zinawekewa kinga ya joto na baridi, kwa fedha ya serikali. Uingereza wamekuwa na mipango chungu nzima ya kujaza kinga ya baridi kwenye kuta za watu, mingine mpaka wakaiharibu wenyewe. Ule wa mwaka 2020 waliufunga Machi 2021, haukutimiza hata mwaka. Lakini wanaharibu na kuanza tena, kwa sababu hawabishani juu ya msingi wake: mwananchi akitetemeka chumbani kwake, hilo ni jambo la hazina. Na kama mnaona hao ni matajiri, jimbo la Telangana, India, lilipitisha mwaka 2023 sera ya mapaa ya kupoza, paa lipakwe rangi nyeupe au liwekwe kitu cha kurudisha jua lilikotoka. Chokaa, kwa maneno mengine. Pwani nzima imepaka chokaa kuta zake kwa karne na karne, leo tunaisubiri irudi kutoka India ikiwa na jina la sera. Baridi ya mwenzetu ni sera. Hari ya Mswahili ni majaaliwa, avumilie, si amezoea?

Najua nitakachojibiwa, nimeshajibiwa. Makuti yana nyoka! Hoja hii nimeisikia kutoka kwa mwalimu, kutoka kwa diwani, na kutoka kwa mtu mwenye shahada ya pili. Nyoka hasomi paa. Nyoka anamfuata panya, panya anayafuata mahindi uliyoyarundika uvunguni, na uvungu uko chini ya bati na chini ya makuti vilevile. Tofauti ni kwamba chini ya bati mchana hata nyoka hakai. Ana akili kutushinda. Moto? Moto upo, ndiyo maana tangu zamani jiko lilitengwa na nyumba. Mvua nitawaachia: bati linakinga maji ya kunywa vizuri, hilo siwezi kulikana. Haya, ezekeni bati. Sijasema mling'oe. Nimesema mliezeke halafu mlimalize, maana bati bila dari ni nusu paa, na nusu paa ndiyo mnayoizindua kwa utepe.

Wala si lazima twende mbali kuuliza namna. Katika mkoa huuhuu wa Tanga, kijiji cha Magoda, watafiti walijenga miaka kadhaa iliyopita nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa, nyingine zikiwa na vyumba vya kulala juu, wakapima. Joto la ndani lilishuka, na mbu wakapungua sana. Wizara ikitaka kujifunza, ina haja gani ya kusafiri? Hata utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi si jambo geni kwetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika mstari mmoja kwenye bajeti: dari.

Ningekuwa mimi, ningeanzia shuleni. Hapa ndipo damu inaponichemka kabisa. Kila mheshimiwa anatoa bati shuleni. Bati, bati, bati. Sijawahi kumwona aliyepigwa picha akikabidhi siling bodi, kwa kuwa dari haionekani barabarani. Watoto sabini wanakaa chini ya bati tupu saa saba mchana, tumbo tupu, wanafundishwa mzunguko wa maji huku wao wenyewe wakigeuka mvuke. Matokeo yakitoka mabaya tunamhamisha mwalimu mkuu.

Na makuti yenyewe, kwa taarifa yenu, yanakwisha. Minazi inakauka, mingine inakatwa kuwa mbao, na hakuna anayepanda, kwa kuwa nani apande mti wa aibu? Barabara ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo inapita kwetu, na kila lori linalopita limebeba saruji na bati. Sijaona hata moja lililobeba miche ya minazi. Mabinti hawajui tena kushona makuti. Waulize kuti la kumba likoje, watalitafuta kwenye simu. Tukizinduka tutalazimika kuajiri wataalamu kutoka nje watufundishe kwa lugha ya watu.

Shangazi hakusubiri bajeti. Ijumaa alimwita mzee mmoja wa Mkwaja, kati ya wachache wanaojua bado kuezeka, akamwonyesha minazi yake na nyumba yake. Mzee aliangalia lile bati la damu ya mzee, akauliza kama analing'oa kwanza.

"Uling'oe kwa nini, baba? Mwanangu kalinunua kwa jasho lake. Ezeka juu yake."

"Makuti juu ya bati?"

"Juu ya bati."

Mwanawe alipiga simu jioni ileile. Habari huku zinakwenda haraka kuliko bodaboda. Akauliza watu watasemaje. Shangazi akamwambia watu wanalala kwao. Kazi imeanza Jumapili. Mimi nimechangia fito.