Maua ya Usambara na haki ya njia

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, mijakaranda ya Lushoto humwaga maua yake ya zambarau. Ni msimu ambao baadhi ya wazazi huwachukua watoto wao wakatazame maua hayo, na wengine huteremka nao hadi Mombo, kiasi cha kilomita 30 na ushei, ili waione reli na gari moshi likipita chini ya milima. Wapo wanaosema kuwa huko ni kupoteza wakati. Sisi hatuoni hivyo. Qur'ani Tukufu imetuita mara nyingi tuitazame milima, mvua na mimea kwa mazingatio, na mtoto asiyefundishwa kutazama itamuwia vigumu kujifunza kushukuru.

Hata hivyo, starehe hii ya halali ina adabu zake, nazo tunaziona zikipuuzwa.

Kwanza ni maua yenyewe. Mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, ua dogo la msituni kutoka pande hizi lilipewa na wataalamu wa Ulaya jina la Saintpaulia, kutokana na Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Leo ua hilo hupambwa madirishani katika nchi nyingi za dunia. Lakini huku kwao, ambako huota juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, baadhi ya aina zake zimebaki katika sehemu chache mno, kwa kuwa msitu unaozitia kivuli unafyekwa. Ni aibu iliyoje, watoto wa Ulaya walijue ua la Usambara na watoto wa Usambara wasilijue! Basi tuwaonyeshe, na tuwakataze kuling'oa. Ua likibaki mwambani litamfurahisha na atakayekuja kesho.

Pili ni reli. Njia hiyo ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Safari za abiria za kwenda Moshi zilikuja kusimama kwa zaidi ya miaka 20, hadi zilipofufuliwa Desemba 2019. Katika ukimya huo kilikua kizazi kisichojua mngurumo wa gari moshi, kikaizoea reli kama uchochoro: pa kupita, pa kukaa, pa kuchezea. Mazoea hayo ni hatari. Gari moshi haliwezi kukwepa, na hata dereva akifunga breki, litaendelea kwenda mbali kabla ya kusimama. Mzazi anayemsimamisha mwanawe juu ya mataruma ili ampige picha amesahau kwamba mtoto ni amana.

Mtume (S.A.W.) aliwahadharisha masahaba wake kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi kukaa huko, aliwaamrisha waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia na maudhi. Reli nayo ni njia. Haki yake ni kukaa mbali nayo, kuivuka penye kivuko baada ya kutazama pande zote mbili, kutolirushia gari moshi mawe, na kutoacha chupa na mifuko ya plastiki kandokando yake.

Tunawanasihi akina baba na akina mama: msiwanyime watoto furaha hii. Watoeni, muwashike mikono, msimame nao mbali, wahesabu mabehewa, kisha muwaeleze ni nani aliyeipamba milima ile. Na mkirejea nyumbani, pandeni nao japo mche mmoja, kwani tumefundishwa kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.